Tiara ya Vita Juu ya Nyumba Yetu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Baba, na za jirani yetu fundi saa, ambaye humsalimia kila anayeandikiwa barua hata kama hamjui. Natumaini wewe na wenzako hapo kwenye ujenzi wa daraja hamjambo, na kwamba yule mpishi wenu ameshajifunza kutofautisha chumvi na sukari. Sisi tupo. Ningekupigia simu, lakini maongezi ya simu nyumba hii yanasikilizwa na watu wawili, mimi na Baba, na sikio la Baba ndilo kali zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unaacha kazi mwisho wa mwezi, urudi ukae na Baba, kwa kuwa mimi nimemuuguza tangu miguu yake ilipokufa ganzi, na yule Mshika Winchi anayenichumbia hawezi kunisubiri mpaka ndevu zimfike magotini. Hayo ni maneno ya kaka hasa, na yalinitoa machozi kidogo. Nakuomba tu usimwambie mkubwa wako lolote mpaka umalize kusoma hii.

Nilikuambia nimepata kazi ya kushona kwenye jumba la makumbusho. Hukuniuliza nashona nini, nadhani ulijua ni mapazia. Nashona tiara. Si hizi za watoto zenye mkia wa matambara. Ni nakala za tiara za kivita, za enzi ambazo majeshi hayakuwa na ndege, na afisa aliyetaka kujua nini kiko nyuma ya kilima alilazimika kuning'inizwa hewani na upepo. Kila moja ni kama masanduku mawili ya kitambaa yaliyofungwa kwenye fito za mianzi, na ni pana kuliko sebule yetu. Mkuu wa karakana anazipenda kuliko wanawe, na hayo huyasema mbele ya wanawe.

Hairushwi moja peke yake. Kwanza inapanda ndogo, inapeleka waya juu. Kisha kubwa zinaifuata, zikiteleza kwenye waya ule ule, kila moja ikikwama mahali pake. Zote zikishavuta kwa pamoja, ndipo inapanda ya mwisho, yenye tenga, na ndani ya tenga mtu. Chini anabaki Mshika Winchi, anayelegeza waya na kuukunja kwa mashine yake. Ndiyo, ni huyo huyo wangu. Mwanamume anayelipwa ili asiachie: jambo hilo nimelitafakari sana.

Mpango ulikuwa tenga lipande na gunia la mchanga. Mkuu akasema gunia halina macho, na tiara ya kivita isiyobeba mtu ni pazia tu. Akatupima wote uzito. Mimi, ambaye wewe mwenyewe ulinibandika jina la Kijiti, nilishinda bila kujitahidi. Mshika Winchi alipinga, akasema waya ni imara lakini moyo wake yeye si wa chuma. Nikamuuliza nani aliyeukagua huo waya. Akasema ni yeye. Basi, nikamwambia, tumemaliza.

Baba sikumwambia. Asubuhi nilimgeuza kitandani, nikamnawisha, nikamwekea kitabu mkononi, naye akanipa ile pole yake ya kila siku, kwamba amenifunga kama mbuzi. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila siku, kwamba mbuzi hulalamika. Nikafunga mlango nikaenda zangu kupaa.

Kupaa kwenyewe si kama unavyodhani. Hakuna kishindo. Ardhi inajiondokea polepole, kama mtu anayetoka kwenye maongezi bila kuaga. Nilikuwa na darubini shingoni na simu ya waya sikioni, kama walivyokuwa nazo wale maafisa, na Mkuu alikuwa amenifundisha amri yao: sema unachokiona, usiseme unachofikiri. Aliyeona vumbi alitakiwa aseme vumbi. Kama ni jeshi au ng'ombe, hiyo ilikuwa kazi ya wakubwa huko chini.

Nikaripoti kiwanda cha matofali, reli, na mtu aliyelala juu ya lori la magodoro. Kisha nikageuza darubini upande wa mtaa wetu. Unaujua ukuta wa uani, Mama aliujengesha mrefu hata majirani wakakata tamaa ya kuchungulia. Kutoka juu ule ukuta ni mstari tu.

Uani kulikuwa na mwanamume. Alibeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono, akitoka bombani. Alivaa fulana ya Baba. Akazitua, akanyoosha mgongo, akaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kuziba bati la juu ya jiko, lile nililokuambia limeacha kuvuja lenyewe.

Mshika Winchi alikuwa na winchi mikononi na simu begani.

“Unaona nini?” akauliza.

“Ua wa nyumbani kwetu.”

“Kuna nini?”

“Mzee yuko kwenye ngazi.”

“Mzee gani?”

“Hilo ni la kufikiri,” nikamwambia. “Mimi nimetumwa kuona.”

Hakunishusha haraka, na kwa hilo namshukuru. Nikabaki kule nikimtazama Baba akimaliza bati lake. Alilifanya vizuri. Akashuka kwa uangalifu, akakaa kwenye stuli, midomo ikimcheza. Sijui alikuwa akisema na ukuta au na Mama. Kisha akatazama juu. Tiara tano kubwa angani hazimpiti mtu. Alizitazama muda mrefu, mkono juu ya macho, kwa raha ya mtu anayejua hakuna anayemtazama.

Kufikiri nilianza nilipokanyaga chini. Sidhani alitudanganya tangu mwanzo. Daktari aliichoma ile miguu sindano mbele yangu na haikushtuka. Nadhani ilirudi kidogo kidogo, na iliporudi yote, akakumbuka kwamba Mama alipougua nyumba ilijaa watoto, na alipozikwa wewe ukafunga begi. Mtu anaweza kujifunza somo baya hapo. Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Ilikaa nami njia nzima, ikaniacha mlangoni.

Nilimkuta kitandani, kitabu mkononi, ukurasa ule ule. Nikamwambia kwamba nimemkubali Mshika Winchi na atakuja Jumamosi, na kwamba tiara zinapelekwa kuonyeshwa mji mwingine, nami nitakuwa nazo mwezi mzima. Akauliza kwa sauti ndogo, chai atapewa na nani. Nikasema tutaona.

Kesho yake nikapika chai, nikaiweka juu kabisa ya kabati la vyombo, mahali ambapo hata mimi hupanda kiti, nikamuaga nikaenda kazini. Jioni kikombe kilikuwa pale pale juu, kimenywewa, kimeoshwa, kimefudikizwa. Baba alikuwa kitandani. Hakunitazama. Aliniuliza kama huyo mgeni wa Jumamosi anatumia sukari.

Kwa hiyo, kaka, usiache kazi. Ila njoo likizo, tena mapema, maana hicho ndicho alichokuwa akikitaka siku zote, ni vile tu hakujua namna ya kukiomba akiwa amesimama. Wasalimie wenzako wote. Baba naye anakusalimu, na amesema nikuandikie kwamba miguu imeanza kuonyesha dalili nzuri.

Ukifika, piga hodi kwa sauti kubwa, kisha subiri kidogo kabla ya kuingia. Mpe mzee nafasi ya kufika kitandani.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti