Utenzi wa Gari Lisilo na Mafuta

Jumatano, jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haishuki. Nami niko hivyo hivyo: kitu kimenijaa kifuani na hakitoki.

Chef, mkuu wetu ofisini, amesikia utenzi wangu.

Nianze mwanzo. Nimekulia mtaa wa Buyenzi kwa babu, pamoja na utenzi mmoja wa kale wa vita. Babu aliughani baada ya alasiri, na sisi wengine tukauchezea. Mjomba, fundi magari, alichora farasi wa yule shujaa kwenye geti la gereji yake, akamvalisha miwani ya kuchomea vyuma. Shangazi, mumewe akirudi sokoni mikono mitupu, alimpokea kwa ubeti wa jeshi lililoshindwa. Kwetu utenzi ule ulikuwa wa kuheshimiwa na wa kuchekea, yote mawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Ofisini ni kwingine.

Gari la chef limesimama uwanjani bila mafuta, sijui tangu lini. Kila asubuhi yeye huja kwa basi kutoka Gihosha, hupitia mlango wa nyuma, huingia garini na kufunga vioo. Kisha mlinzi humfungulia, chef hushuka na mkoba wake, nasi makarani tunasimama kumwamkia kana kwamba ndiyo anafika. Hakuna anayecheka. Wiki iliyopita, wakati wa chakula, nilicheka mimi:

Farasi wake wa chuma
hendi mbele wala nyuma
uwanjani kasimama
na bwana amempanda.

Beti ziliendelea. Niliughani mara moja tu, kwa Shabani, tunayekaa naye chumba kimoja ofisini. Akanirekodi kwa simu, na sauti ile ikazunguka idara zote.

Ningeweza kukana. Lakini babu alitufundisha kwamba utenzi usiomtaja mtungaji wake mwishoni haujafungwa, ni kama dua isiyo na amina. Kwa hiyo niliufunga. Jina langu, jina la baba, na mtaa.

Mtu mwoga kama mimi.

“We Yusufu,” Shabani aliniambia leo, “uliona wapi mwizi anaacha karangamuntu yake, kitambulisho kizima, mulangoni, na picha juu?”

Chef aliniita asubuhi. Hakuniambia nikae. “Ijumaa tuko na karamu kule Kajaga. Mkurugenzi atakuja. Utasoma ile shairi yako. Yote. Na jina yako ya mwisho, usisahau.”

Hakutabasamu. Mkataba wangu unakaribia kuisha na anayetia sahihi ni yeye. Nikisoma, nimemdhalilisha mbele ya mkubwa wake. Nikikataa, nimekiri kwamba nilikuwa namdhalilisha. Shabani anasema niugeuze, nimsifu tu. Nimejaribu mchana kutwa. Mizani inatimia, vina vinakubali, na ubeti umelala kama samaki wa jana. Hata mlinzi angejua ni woga unaoongea.

Halafu jioni, kituoni. Foleni ya basi la Musaga, ninakokaa sasa, na ya Gihosha zinapakana. Nilipoinua macho, chef alikuwa kando yangu, koti limekunjwa mkononi, jasho shingoni. Kwa kawaida hungoja sote tuondoke. Leo hakungoja. Nilitazama viatu vyangu.

“Hii foleni haiko mu shairi yako,” alisema polepole.

“Apana, chef.”

“Juu ya nini haiko?”

Basi la Gihosha likaja, watu wakasukumana, naye akaingia kwa kiwiko kama mtu yeyote.

Je, alikuwa ananitega, au alikuwa ananiomba kitu?

Nimelibeba swali hilo mpaka nyumbani. Kabla ya kula nimetunga ubeti wa foleni: shujaa ameshuka farasi, amesimama pamoja nasi juani, na hakuna anayemwamkia. Ni ubeti bora kuliko zote nilizowahi kutunga, na ndiyo maana unanitisha. Ukisomwa Kajaga, mkurugenzi atajua kila kitu. Usiposomwa, chef atajua kwamba nilimwona pale nikamwacha garini, vioo vimefungwa.

Nimeuweka kabla ya ubeti wa mwisho. Wa mwisho sikuugusa.

Ijumaa nitasoma. Nikifika kwenye jina langu, naomba sauti isikatike.