Herufi Isiyokuwa Sandukuni

Lubumbashi

Papa yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nausalimu mkono wako wa kuume, maana Bahati aliniambia kwamba siku hizi ninyi wawili hamsikilizani. Umeamkaje? Unakula? Mama mdogo bado anakuletea ndagala, au ameanza kuchoka na wewe? Na ziwa, limerudi nyuma kidogo, au bado linaingia kwenye vyumba vya watu kule chini bila kubisha hodi?

Mimi ni mzima. Mwili ni mzima, nikisema zaidi ya hapo nitakudanganya. Tangu mama alipotutoka sijasikia kitu moyoni. Naamka, nakwenda kazini kwenye imprimerie, kule kwenye uchapaji, nabandika mabango ya watu, narudi, nasonga bukari (ndivyo wanavyouita ugali huku, wala haulainiki kwa jina hilo), nakula, unashuka. Watu wa kwetu wanaoishi huku walinikalia kilio hapa hapa mtaani. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka, na mimi nilikuwa nikiwagawia chai. Mmoja alinishika mabega akasema, "Lia, mwanangu." Nikamwuliza kama ataweka sukari.

Asiyekuwepo na lake halipo. Njia ni ndefu, mazishi hayakuweza kunisubiri, na simlaumu mtu. Ila zile hela watu walizochanga kwenye kilio zilibaki mikononi mwangu. Nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka chini ya godoro, kwa sababu sikujua zinafanya kazi gani. Nauli ya kuja kumzika mtu aliyekwisha kuzikwa ni nauli ya nini?

Halafu Bahati akanitumia picha ya kaburi. Msalaba ni mweupe, umepigwa rangi mara mbili, naijua kazi yako. Jina hakuna. Nilidhani simu yangu ndiyo haioni, nikaivuta picha karibu mpaka ikawa ukungu mtupu. Nikampigia mdogo wangu.

"Bahati, mbona hakuna jina?"

"Papa iko anasema atayiandika."

"Lini?"

"Minye sijue, dada. Kila siku iko anasema atayiandika. Anabeba brashi, anaenda kule, anarudia na brashi ingali kavu. Nilimwambia tuite yule muchoraji wa soko, akanikatalia chakula siku nzima."

Papa, wewe ndiye uliyeandika misalaba ya nusu ya mtaa wetu wa Songo. Uliandika majina ya mitumbwi pale bandarini Kalundu, ya maduka ya dawa, ya makanisa yanayogombana. Nikasema moyoni, ni ule ugonjwa wa mwaka jana ulioingia mkononi. Mkono unatetemeka na hataki mama aandikwe vibaya. Mvua zikija nyasi zitapanda, na msalaba usio na jina ni miti miwili tu. Nikaliinua godoro, nikakifungua kile kitambaa.

Huku kazini naona kila siku jinsi inavyofanyika. Herufi inachorwa kwenye kompyuta, inachapwa kubwa, inakatwa kwa wembe, karatasi inabandikwa mahali pake, unapuliza rangi, unabandua. Mkono ukitetemeka, karatasi haitetemeki. Bahati atapeleka ichapwe mjini, kisha atakata, anajua wembe. Na wateja wako wangerudi. Basi nikaamua nikutengenezee mashine ya kuchorea, kompyuta yako mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa sababu zile zilizotengenezwa tayari dukani nilizitazama bei, nikazisalimu, nikapita.

Kuna fundi hapa, Amisi, mtu wa mji wa Baraka. Ana kibanda kilichojaa matumbo ya kompyuta. Aliniuliza kwa lugha yetu, bila kuinua kichwa:

"Dada, unatafuta mashini ya kufanya nini? Ya kuandika barua ao ya kuchora?"

"Ya kuchora."

"Mama iko?"

Nikamjibu, "Mama hayiko."

"Basi tuanze na mama. Ukikosea mama, hivi vingine hata vikuwe vya bei gani, ni bure tu."

Kumbe alikuwa anasema carte mère, ile kadi pana ambayo vitu vyote vingine huchomekwa juu yake. Mafundi huku wanaiita mama, basi. Alinitolea tatu, akazipanga mezani, akawa ananieleza: mama huyu amechoka, mama huyu hana nafasi ya kuongezea, mama huyu ni mzuri lakini anachagua, hakubali kila kitu. Nilisikiliza yote. Ningepaswa kuumia mahali fulani, lakini ilikuwa kama kusikiliza bei ya mchele. Nikachukua yule mwenye nafasi ya kuongezea, ili siku ukipata wateja Bahati akuongezee kumbukumbu bila kubadilisha mashine.

Prosesa, ule ubongo wa mashine, ni ya mtumba, imetoka kwenye kompyuta ya ofisi, lakini Amisi aliijaribu mbele yangu. Alitaka sana ninunue kadi kubwa ya picha, ile yenye feni mbili. Nikamwambia papa yangu hachezi michezo ya kupigana, anachora herufi, na herufi haikimbii. Akacheka, akanipa ndogo. Pesa iliyopona hapo nikaitia kwenye kumbukumbu, maana bango kubwa likifunguliwa na kumbukumbu ni ndogo, mashine inaganda ukiwa katikati ya kazi. Kasha la nje ni la zamani, lina mkwaruzo ubavuni, usilinung'unikie.

Kitu kimoja nilikataa kukinunua cha mtumba, nacho ni kisanduku kinachopokea umeme. Amisi mwenyewe alinishika mkono. "Courant ya Uvira minye naijua," akasema. "Inatoka na inarudi sawa muntu mwenye amesahau kitu mu nyumba." Kwa hiyo nimeweka kipya, pamoja na onduleur, lile boksi zito lenye betri. Usichomeke mashine ukutani moja kwa moja, Papa. Ichomeke kwenye boksi. Na mwambie mama mdogo asiifunike kwa kile kitambaa chake cha kufuma ikiwa inawaka, hata kama vumbi linamkera. Inapumua kwa mgongo.

Ikabaki kioo cha kompyuta. Nilikumbuka ulivyoniambia zamani kwamba rangi inayodanganya ni mbaya kuliko rangi iliyoisha. Sasa, ningejuaje kioo kipi hakidanganyi? Nikapakia sanduku langu la bati kwenye mkokoteni, nikalipeleka kibandani. Amisi akauliza kama nimefukuzwa kwenye nyumba.

Unalikumbuka hilo sanduku. Ulilipiga rangi nyeupe nilipokuwa nakuja huku, ukaandika kwa ile buluu unayoichanganya mwenyewe: NABINTU, na chini yake SONGO UVIRA. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alikuwa ameketi juu ya debe la rangi lililogeuzwa, anakutajia herufi moja moja kama kawaida yenu, kwa sababu ukizama kuchora herufi unalisahau neno. "N. Sasa A. Weye, usiifute N na kiwiko." Siku moja tu alikwenda sokoni ukaandika peke yako, kwenye ile saluni ya barabarani, ikatoka KARIBNI. Mwenye saluni aligoma wiki nzima, kisha akaizoea, na mpaka leo watu wanasema wanakwenda kusuka kwa Karibni.

Basi nilipiga picha sanduku, tukaifungua kwenye kila kioo, nami nikawa natazama picha na kutazama bati. Kioo cha kwanza kiligeuza buluu yako kuwa zambarau. Cha pili, kijivu. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko nilivyotaka na kina alama ya kidole isiyotoka pembeni, lakini buluu ilikuwa ile ile. Nimekununulia hicho. Amisi aliinamia bati akazitazama zile herufi muda mrefu. Akasema, "Hizi hazitoke mu mashini." Nikamwambia ni zako.

Hapo ndipo wazo lilipoingia. Kwenye mashine mna herufi za kila aina, tayari. Nilikuwa nimeandika jina la mama kwa hizo, MARTINA, nikajaribu nyingi, na kila moja ilifanana na jina la mtu aliyeandikwa mlangoni mwa benki. Nikasema, kwa nini nisizitoe herufi za Papa kwenye sanduku? Nikazipiga picha, nikaanza kuzizungushia mstari moja moja kwenye programu ya kuchora. A ninayo. R ninayo, imo kwenye Uvira. T, I, N, A, zote zimo kwenye jina langu mwenyewe. Nilizipanga kwenye kioo: ARTINA.

M haimo, Papa. Si kwenye Nabintu, si kwenye Songo, si kwenye Uvira. Nililigeuza sanduku pande zote kama mtu aliyepoteza ufunguo. Jina la mama, na neno mama lenyewe, vyote vinaanza na herufi ambayo sina. Nilijaribu kuiunda, nikachukua I mbili nikaweka V katikati. Ilisimama, lakini ilikuwa M ya mtu mwingine. Yako ina miguu inayotanuka kidogo chini, kama mtu aliyejitwika ndoo. Nilikaa juu ya sanduku. Sikulia, lakini nilikaa, na Amisi akazima redio.

Mashine inakuja na mchuuzi mmoja wa Uvira anayekwenda kupanda boti Kalemie, na barua hii nimeilaza juu ya kioo ndani ya katoni. Bahati ajue kwamba mashine ni yake pia, ila kiti ni chako. Nisalimie mama mdogo, mwambie nimeupata ule mshumaa wa sala ya novena na nimeuwasha, ingawa nilikuwa nikiutazama tu. Msalimie shangazi wa Luvungi akishuka na mihogo yake, na mjomba anayedai kila mwaka kwamba ataacha pombe. Msalimie hata yule mchoraji wa soko. Hana kosa.

Sikuombi jina zima. Nakuomba herufi moja, Bahati aipige picha anitumie. Ukishika brashi ikatetemeka, iache itetemeke hivyo hivyo, sitainyoosha, nitaiweka mbele ya zile nyingine kama ilivyo. Lakini nimefikiri sana huku, Papa, na sidhani tena kwamba ni mkono. Nadhani unasimama pale mbele ya msalaba na brashi yako, unangoja utajiwe.

Siku utakayokwenda, mwambie Bahati anipigie simu, akuwekee sikioni. Nitakuwa nimeketi juu ya sanduku, na nitakutajia mimi.

Ya kwanza ni M.

Mtoto wako,
Nabintu