Kisima cha Baba Kinafungwa Kesho

Mama,

Shikamoo. Na ile salamu wanayopewa waliotangulia nimeshaitoa kabla ya kushika kalamu, usije ukasema Mishi ameanza kueleza shida zake hata hajasalimu. Sisi hapa Magogoni tu wazima, ikiwa huu ndio uzima. Athumani mwanao ni mzima pia, ila hasemi nami tangu juzi. Sababu ndiyo iliyonikalisha hapa ukumbini na karatasi, alasiri hii, badala ya kukoroga uji.

Nianze na nje, maana wewe ulipenda kupewa habari za mtaa kwanza, za nyumbani baadaye. Kile kiwanja cha mihogo nyuma ya ukuta wetu hakipo. Pamesimama ghorofa, Mama, ya rangi ya maziwa ya unga, na ukiiangalia mpaka juu shingo inauma. Jua la asubuhi halitufikii tena. Nguo zetu zinakauka zikinuka uvundo. Mimi nafulia nimejitanda mtandio, uani mwetu wenyewe, kwa sababu kuna wanaume wanapiga mswaki kwenye roshani juu ya kichwa changu, na mmoja hunisalimu kabisa, "Habari ya asubuhi, mama," povu limemjaa mdomoni. Nimjibu nini? Namjibu nzuri. Mbele kwenye njia kuna kinyozi, kibanda cha chipsi na duka la simu linalopiga muziki tangu asubuhi. Ungelichukia lile duka, kisha ungemzoea mwenyewe na kumpelekea mahamri.

Sisemi wageni ni wabaya. Mama Shiru, yule Mkikuyu wa mboga uliyemfunza kupika mchicha wa nazi, ndiye jirani niliyebaki naye. Siku ya maziko yako alikaa nasi jamvini, amejifunga leso kinyume, akalia kuliko shangazi zangu wote.

Sasa nije kwenye kisima.

Nakumbuka ulivyokichimbisha baada ya Baba kufa. Mafundi walichoka na ule mwamba, wakataka kuacha, ukawapikia biriani ili waendelee. Ulituambia mimi na Athumani kwamba hiki si chetu, ni sadaka ya Baba, na maadamu kuna mtu anayekunywa, fungu lake linamfikia kaburini. Nawe ulipotutoka tukakutilia nia wewe pia. Kila mtungi ukitoka getini, moyoni nasema, huo wa Baba na Mama. Hata Mama Shiru, ambaye Baba hakumdiriki, akiteka husema, "Mungu ambariki yule mzee wa maji."

Unakumbuka ulipokuwa umelala chumba cha uani, huwezi kuinuka? Kapi la kamba ya kisima likinyamaza kidogo tu, sauti yako hiyo: "Mishi! Leo watu hawateki?" Nami natoka, nateka ndoo bure, namwagia maua, ili ulisikie kapi likilia. Ulikuwa ukitulia hapo hapo. Sikuwahi kukwambia.

Walipokuja mafundi wa ghorofa kuomba maji, Athumani alisita. Mimi ndiye niliyemtolea maneno yako, na kwa sauti yako kabisa: "Mwateni mtu ateke, maji si yangu haya." Basi wakateka. Maji ya zege, maji ya kupigia lipu, maji ya chai. Ghorofa nzima ile imesimama kwa maji ya Baba. Nami nilifurahi, Mama, nikawa nahesabu thawabu zenu kama mtoto anavyohesabu peremende za Idi. Kisha wakaanza kuchimba shimo upande wa pili wa ukuta, hapa hapa karibu, na maji ya kulainishia udongo wakayateka kwetu. Tulijua ni shimo la choo. Lakini nani aulize? Mtu na haya zake, utamwuliza jirani mpya choo chako utakijengaje? Tuliona ni utovu wa adabu. Kumbe lile shimo halikutiwa sakafu wala kuta. Walichimba tu mpaka wakakuta maji, wakafunika, wakapangisha.

Masika yalipokuja, maji yakaanza kubadilika ladha. Nikasema ni mvua. Athumani akasema ni majani. Kisha Shiru akaugua, yule msichana mdogo aliyekuwa akichezea tasbihi yako. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakazama. Wakamtundikia maji hospitali. Amepona, alhamdulillahi, ingawa bado gauni linampwaya. Mama yake hakuja na ugomvi. Laiti angekuja na ugomvi. Alisimama mlangoni, ameshika fremu, akasema, "Mishi, daktari amesema ni maji. Sasa mimi nitakuambia nini, na wewe ni kama sista yangu?"

Bwana afya akaja, akachukua maji kwenye chupa. Akarudi akasema kisima kimeingia choo na kifungwe.

Usidhani sikuhangaika. Mwenye ghorofa anakaa mjini, hatujamwona hata sura. Nimempigia simu, akanijibu kwa upole sana, "Nitatuma mtu." Mtu huyo mpaka leo yuko njiani. Mzee wa mtaa alikuja, akachungulia, akanusa, akasema, "Mwanangu, hili kubwa kuliko mimi," akaaga. Nikaenda ofisini kwa wanaotoa idhini za ujenzi. Nikapangishwa foleni, nikaambiwa jengo lile lina idhini zote, kisima chetu ndicho kisichokuwa na idhini. Wallahi nilicheka. Yule bwana akaniangalia vibaya. Mama, ningempata mtu mmoja tu mwenye roho mbaya nikamshika shati, ningepumua. Lakini kila ninayemwendea ni mpole, na kila mmoja ananielekeza kwa mwengine.

Nimetia dawa. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba ni maji ya kufulia tu. Watu wanasoma, wanateka, wanakunywa. Mfereji unakohoa hewa tangu sijui lini, na maji ya mkokoteni si kila mtu anayaweza. Watoto wakitoka kucheza mpira wanainamia ndoo kama zamani, nami natoka mbio na mwiko mkononi, nawafukuza kwenye maji ya sadaka. Mimi, mtoto wako.

Athumani hataki kifungwe. "Wataka kuwakatia wazee wetu fungu lao kule waliko?" aliniuliza. Nikaenda kwa maalimu wa madrasa. Nikamwuliza, ikiwa maji mema yanawapelekea wafu thawabu, haya yanayowatia watoto maradhi yanawapelekea nini? Akasema nia yenu Mungu anaijua na haitapotea, lakini aliye hai akijua madhara akanyamaza, hilo ni lake. Alilisema kwa huruma. Tangu siku hiyo mtu akiteka nashtuka. Sijui ni kitu gani kinachowafikia. Nilikuwa nikifikiri nawapelekea zawadi, sasa naogopa nawatwika mzigo, nanyi hamna mikono ya kuutua.

Kwa hiyo nimemwita fundi. Anakuja kesho baada ya alfajiri, anafunika kwa zege. Nilipomwambia Athumani, aliinuka akatoka, na tangu hapo akitaka chumvi anamtuma mkewe.

Nilikusudia barua hii iishie hapo. Lakini muda huu ninaoandika ameingia bibi mmoja kutoka Junda. Simjui. Amekuja na kindoo kidogo, anasema zamani akipita hapa ulikuwa ukimkaribisha. Kusoma hajui. Nimesikia kapi, nikatupa kalamu, nikamkimbilia, nikachelewa. Alikuwa ameshayanywa kwa kiganja, pale pale, anajifuta kidevu kwa buibui. Kabla sijafungua mdomo ameinua mikono yake miwili akawaombea. Amekutaja wewe kwa jina lako, Mama, na jina la baba yako. Amemtaja na Baba. Ameomba kaburi zenu zipanuke. Nami nimesimama mbele yake, nimeitikia amin, kwa sababu sikujua la kufanya jengine. Baadaye ndipo nikamweleza, nikamwaga kile kindoo, nikampa maji yetu ya kununua. Ameondoka ananitazama kama aliyetukanwa.

Basi nawaaga. Kesho fungu lenu likikatika, msimlaumu Athumani. Yeye alikataa. Ni mimi niliyefunga, na nikiulizwa nitajibu mimi. Sijui kama nimefanya sawa. Nimemwuliza kila mtu na hakuna aliyeniambia neno la kunitosha, na wewe ambaye ungeniambia ndiye ninayekuandikia.

Ahadi yangu ni hii, sina nyengine. Kila baada ya sala nitawaombea kwa majina, nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa, mpaka nami nije huko. Mdomo wangu ni mmoja, Mama. Mlizoea kuombewa na mtaa mzima. Mtapungukiwa, najua, na sina cha kujazia.

Pokeeni hicho hicho.

Mwanao,
Mishi