Mgongo wa Meza ya Nne

Bi. Leokadia, nakuandikia wewe wa safu ya ushauri gazetini kwa sababu nyumbani siwezi kusema na chuoni nimeshachelewa kusema. Nasomea udaktari mwaka wa kwanza hapa Lublin, na mwezi huu tumeanza kujifunza kwa miili ya watu waliojitolea wenyewe kabla ya kufa, nyuso zimefunikwa, majina hatuambiwi, na tunaanza na mgongo kwa sababu mwalimu anasema, "Mgongo haumtambulishi mtu, hamtaogopa," basi mimi, kwenye meza yetu ya nne, nikautambua. Tangu nina miaka kumi na minne, kila baridi ilipombana kifua jirani yetu wa ghorofa ya pili, Bwana Zenobiusz, mimi ndiye niliyemuumika mgongoni kwa vile vikombe vya glasi vilivyopashwa moto, naye kalala kifudifudi ananitania, "Binti, unaniponya au unanipika?" Madoa yake matatu yako palepale chini ya kombe la bega la kushoto, na kovu la duara nililomuunguza mwenyewe.

Sikulia, nilistaajabu. Ngozi ilipofunuliwa nikaona msuli mmoja umetanda toka kisogoni hadi mabega yote mawili, chini yake kamba nene za nyama zinapanda pembeni mwa uti wa mgongo, na pingili zimepandana moja juu ya nyingine, kila moja na tundu lake la kupitisha ule ugwe unaobeba habari za mwili mzima, nami miaka yote nilidhani nashika ngozi na homa tu.

Sasa Siku ya Watakatifu Wote inakuja, jengo zima litakwenda makaburini na mishumaa, na mjane wake, Bi. Otylia, hana kaburi la kuwashia mshumaa mpaka chuo kimalize kazi na kuurudisha mwili, pengine miaka miwili. Jana kanishika mkono kwenye ngazi, "Mwanangu, wewe si uko hukohuko? Hujui wamemweka wapi?" Nikasema sijui. Jumanne ni zamu yangu ya kushika kisu tuzifungue pingili. Nimwambie?

Mwanafunzi, Lublin

Bi. Leokadia anajibu: Pole, binti. Lakini umekosea na unajua. Siku ulipoliona lile kovu ulipaswa kumwita mwalimu pembeni. Ulinyamaza kwa sababu ulitaka kuendelea kutazama, na hapo sikugombezi sana: nina miaka sitini na nane, na nilipoisoma barua yako nilijipapasa mgongo nikizihesabu pingili zangu kama mtoto.

Hata hivyo, mzee yule alijitoa kwa mwanafunzi asiyemjua. Hukuwemo kwenye ahadi yake. Jumatatu asubuhi nenda kwa mwalimu, sema "namjua," uhamishiwe meza nyingine. Kisu cha Jumanne usikiguse.

Bi. Otylia usimwambie. Leo atakushukuru, kesho atauliza ulikata wapi, na baada ya hapo kila akikusikia ukipanda ngazi atauliza tena moyoni. Hutaki kumpa hilo.

Siku ya Watakatifu mshike mkono mwende kwenye ule msalaba mkubwa wa makaburini, wanapowasha mishumaa wale ambao wafu wao hawakuzikwa hapo. Akikuuliza tena, usirudie "sijui," umeshamdanganya mara moja inatosha. Mpe lililo kweli kwa kila aliyejitoa. Mwambie, "Mama, huko waliko, vijana wanaingia wamevua kofia, na hakuna anayepaza sauti."