Walipocheka Mbele ya Msalaba wa Kasiani

Michenga, Ifakara
Baada ya mavuno, 1994

Dada Skola,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, kunigombeza kwamba naandika mara moja kwa mwaka kutafuata. Miguu ya baba inaendeleaje? Na cherehani yako, imepona au bado inakata uzi? Mimi mwili ni mzima. Mpunga umetoka vizuri. Ndege wamekula fungu lao na sisi tumebakiwa na letu. Roho ndiyo imechafuka, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unamkumbuka Kasiani, Mpogoro niliyekuwa naye kikosi kimoja, yule aliyekuja kwetu likizo kabla ya vita vya Uganda akala ugali wa watu watatu? Vita vilipokwisha nilikuja huku kumletea mama yake habari za kifo, nikabaki. Wewe husema nilipenda bonde. Haya.

Mwezi uliopita kijiji kilimjengea msalaba wa saruji. Wazo la nani? La Gaspari. Huyu bwana vita vyote alikaa Tabora akigawa mablanketi. Risasi alizozisikia ni za gwaride. Leo anavaa koti la jeshi kwenye joto hili la Kilombero, anaitwa Kamanda, na kila penye msiba yeye ndiye wa kwanza kunawa mikono. Kila mwaka huenda kwa mama Kasiani kumsimulia jinsi mwanawe alivyotangulia mbele akishangilia ushindi, akafa papo hapo bila maumivu. Mama wa watu anachinja kuku, Kamanda anakula paja. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nimemdharau mtu yule miaka kumi na tano. Na nimenyamaza miaka hiyo hiyo, kwa sababu uongo ule hakuubuni yeye. Niliuleta mimi, yeye kautia chumvi tu.

Sasa mama Kasiani kifua kimembana, padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa. Nikasema, hafi na uongo wangu. Siku ya kubariki msalaba, mama mwenyewe kaletwa na mkeka wake, Gaspari alipofika penye "hakuumia hata kidogo", nikasimama.

"Mwongo mkubwa wewe! Kasiani alipigwa tumboni, kwenye kinamasi. Alilala pale tangu asubuhi mpaka jua la utosini, anaita. Mimi nilikuwa nyuma ya kichuguu, hatua thelathini. Sikwenda. Niliogopa!"

Dada, nilisahau mimi ni nani hapa. Mimi Mngoni, hawa Wapogoro, na sisi ni watani tangu enzi za mikuki. Mtani penye msiba ana ruhusa ya kusema lolote, hata kulala kaburini akagoma kutoka. Watu wote wakaangua kicheko.

"Mngoni kakiri!" mwenyekiti akapaza sauti. "Babu zake walitukimbiza mpaka mtoni, mjukuu kaishia kwenye kichuguu!"

"Mpeni komoni huyo, koo limemkauka!"

Nikaapa kwa jina la mama yetu. Wakacheka zaidi. Gaspari akanipiga begani, "Mtani, leo umeniweza," akajifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa koti lake. Nikaletewa kata ya pombe hiyo ya komoni, na unajua nilifanya nini? Niliinywa. Niliwaona wapumbavu wote pale, kisha nikafurahi moyoni kwamba hawakuniamini. Hapo ndipo nilipomjua mtu wa kudharauliwa kuliko Gaspari.

Asubuhi yake mama Kasiani akaniita. Alikuwa amelala mkekani, uani, anaota jua.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Jana mimi sikucheka," akasema. "Mwanangu alikuwa anamwita nani?"

"Wewe, mama."

Aligeuza uso, akawatazama kuku waliokuwa wanachakura pembeni yetu.

"Miaka yote unanilimia," akasema, "unaniezekea, unanichotea maji. Nikawa nasema Mungu kachukua mmoja kanipa mwingine. Kumbe ulikuwa bado umejificha. Na kichuguu chako ni mimi."

Jana nilikwenda na jembe kama kawaida. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani namsikia anakohoa. Nikalima bustani yake mpaka mchana. Hakufungua.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, shangazi mpika pombe, na mjomba katekista ambaye bado ananiombea kwa jina la shujaa, mwambie apumzike. Kuna jambo moja nakuomba. Ile medali yangu ambayo baba ameitundika sebuleni akiwaonyesha wageni, iteremshe. Akiuliza kwa nini, msomee barua hii, hata kama wageni wapo. Wageni wakicheka waache wacheke. Wewe usicheke, dada.

Mdogo wako,
Edmundi