Kengele ya Kuogelea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kuanza na mlio kabla ya kukuuliza habari za nyumbani. Ni mlio wa kengele ndogo ya shaba. Si mzito, ni mwembamba, wa kubembeleza, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko ili watu wanyamaze wamsikilize. Nikinawa uso nausikia. Jana mwalimu mwenzangu alikoroga chai yake ofisini, nikainuka nikatoka nje.

Sasa nikuulize: hujambo? Pacha hawajambo? Na lile jino lako limeng'olewa, au bado unalibembeleza kwa karafuu? Mimi sijambo kwa kutazamwa, ila tumbo halijatulia, na sababu yake utaijua. Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia, na habari hii haifai kuelezwa na mtu anayelia.

Unakumbuka ulivyonifungia sanduku kwa mikono yako ulipokuja mjini, ukatoa vitabu vyangu kimoja kimoja, ukasema niende nikale, nikalale, nikaogelee, nirudi na mashavu. Ukasema nimesahihisha mitihani mpaka nimekauka kama kuni, na kwamba bibi harusi hapaswi kuonekana mifupa. Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, akacheka, akasema, "Shemeji, niachie mimi, nitamrudisha mviringo." Nawe ukacheka. Ulimpenda siku ile, Dada. Hata mimi nilimpenda.

Tulifika mchana. Mji wenyewe ni mdogo, wa kale, una mtaa mmoja mkuu unaofuata maji kama upindo unavyofuata nguo. Upande mmoja maghala ya zamani na jengo la forodha. Upande wa pili nyumba za ghorofa zilizobanana bega kwa bega, na njia ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu waliokufa zamani. Ni mzuri, sikudanganyi. Lakini baada ya muda nikaanza kuuona kama uso uliopakwa poda juu ya jasho. Kuta zilipigwa lipu mwaka jana, kisha zikachubuliwa makusudi zionekane za kale. Sabuni za bafuni zimefinyangwa kwa umbo la nanga. Wageni hupiga picha kamba za kuanikia nguo za watu. Asubuhi, kwenye meza ya chakula, niliwaona wakijaza sahani mpaka mchuzi unadondoka kwenye vidole, kisha wanalamba vidole na kuacha nusu ya chakula. Nilimwambia Mhandisi kwamba nasikia kinyaa. Akaniambia kinyaa ni ugonjwa wa walimu.

Nyumba tuliyofikia ndiyo ile aliyoikarabati yeye na kampuni yake, ile yenye baraza pana juu ya maji ulilolichagua kwenye picha kwa ajili ya harusi yetu. Mwenyewe ni mama mmoja mnene mwenye bangili nyingi, wanamwita Madamu, na kila akipita utadhani kabati la vyombo linahamishwa. Alinipokea kwa kunibusu mashavu yote mawili, akasema amesikia nina dada anayejua kupanga shughuli.

Basi hapo ndipo penye kengele. Imetundikwa kwenye nguzo ya baraza, na chini yake kuna kibao kinachoeleza kwamba tangu enzi za mababu mtu haruhusiwi kuingia majini kabla haijalia. Eti mabwana forodha wa zamani waliipiga maji yalipofika ngazi ya tatu, na mji ukaishika mila hiyo mpaka leo. Saa yake hubadilika kila siku kwa sababu, kinasema kibao, mji huu unafuata maji yake wala haufuati saa. Wageni wanaipenda hiyo kuliko chakula. Hujipanga na taulo mabegani, watu wazima na matumbo yao, wakichekacheka. Kisha anatokea mpishi, amevaa koti refu jekundu lenye vifungo vya shaba na bado ananuka vitunguu, anapiga kengele, nao wanaporomoka majini kama vyura.

Mimi ninafundisha historia, Dada, huo ndio mkosi wangu. Nilimuuliza Madamu habari hiyo imetoka wapi. Akasema kwa wazee. Nikauliza wazee gani. Bangili zikalia, akageukia wageni wa meza nyingine. Mhandisi akanifinya goti chini ya meza, akasema, "Mwalimu, mitihani imekwisha."

Kesho yake niliamka mapema nikashuka peke yangu. Baraza lilikuwa tupu. Maji yalikuwa yanakupwa, yameshaacha ngazi kadhaa wazi, zimetanda utelezi wa kijani, lakini mbele yalikuwa yametulia kama kioo. Mimi na maji unatujua. Nikajiambia mila isiyo na mwenyewe hainihusu, nikavua kanga, nikapiga mbizi.

Kwanza nilihisi joto kwenye mapaja. Nikafurahi! Nikadhani jua limeyapasha maji. Kisha harufu ikanifikia. Kisha kitu chepesi kikanigusa mdomo kikaganda hapo, nikakibandua kwa vidole, nacho kilikuwa karatasi ya chooni. Nikafungua kinywa kupiga kelele, maji yakaingia, nikayameza. Nilipogeuka kuitafuta ngazi niliona kile ambacho mtu wa juu ya baraza hakioni: nyuma ya mimea iliyoachwa ining'inie kwa uzuri, kuna mdomo wa bomba, mpana kama sufuria ya shughuli, unacheua.

Nilitapika nikiwa nimeshikilia ngazi. Mpishi alikuwa ametoka kumwaga maganda, hajavaa koti lake, akapaza sauti, "Dada, kengele haijalia!" Aliponiona uso akaelewa, na wala hakuwa na nia mbaya, alicheka tu, akasema leo nimewaamkia wageni wote, chumba cha kwanza hadi cha mwisho, bila kubisha hodi.

Mhandisi akaja mbio. Nilidhani atanifunika taulo. Alisimama mbali kidogo, akatazama juu kwenye madirisha, akaniuliza, "Nani amekuona?" Nikamwambia mpishi. Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali. Huyo ni wetu."

Chumbani nilijisugua mpaka ile nanga ya sabuni ikaisha. Yeye aliketi kitandani akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza vijana wa mafunzo. Barabara ya mawe ni urithi, hairuhusiwi kuchimbwa, kwa hiyo bomba haliwezi kupita mbele. Tangi la maji taka liko chini ya baraza na ni dogo. Gari la kulinyonya haliingii uchochoroni. Basi hulifungua maji yanapokupwa, uchafu unakwenda zake, maji yakijaa yanarudi safi, ndipo kengele inapigwa. Kengele aliinunua kwa wauza vyuma chakavu. Ilikuwa ya shule iliyofungwa. Kibao alikitunga yeye mwenyewe. Alikuwa anajivuna, Dada! Alinitazama akingoja nimsifu. Akasema, "Watu ukiwaambia maji ni machafu, wanaondoka. Ukiwaambia ni mila, wanapanga foleni."

Nikamuuliza uchafu unakwenda zake wapi. Akasema upande wa chini, kwa wale wa vibanda. Nikamwambia nimeona watoto wanaoga kule. Akavaa saa yake, akasema hao wameshazoea.

Sasa nakuja kwenye lile ninaloona haya kukuandikia, nalo si hilo.

Baada ya hayo yote nilivaa, nikachana nywele, nikashuka kunywa chai. Niliketi juu ya baraza lile lile, juu ya bomba lile lile, na Madamu akaniuliza viti vya maharusi viwekwe wapi. Nikamwonyesha. Nikasema vielekee maji. Nilikuwa namfikiria mumeo, Baba Pacha, ambaye ni msimamizi wa mafundi wake Mhandisi na hajawahi kupata kazi ya kudumu kabla ya hii. Nilikufikiria wewe, sauti yako ulipowapigia mashangazi simu, na vitambaa vilivyoshafika kwa fundi. Nikajiambia harusi ni siku moja. Nikaanza kupanga namna ya kuwazuia pacha wasiingie majini siku hiyo. Nitasema wana mafua. Unaona, Dada? Nilishapata njia ya kuwaokoa wa kwetu, na wengine nikawaachia kengele. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Yale maji niliyatapika, lakini tabasamu lile bado liko tumboni.

Alasiri ikaja jamaa kubwa ya watu, ndugu na mashemeji na watoto wao, waliokuja kula na kuogelea warudi kwao. Walichelewa kula. Walipomaliza, maji yalikuwa yameshaanza kushuka, na nyumba ilikuwa imejaa watu na vyoo havipumziki, tangi limeshafunguliwa. Watoto walikuwa wamevaa nguo za kuogelea tangu walipofika, wamejaza maboya yao pumzi, wanazunguka nguzo ya kengele kama kuku kwenye mtama. Wazazi wakaanza kunung'unika kwamba walishalipia kuogelea. Madamu akamjia Mhandisi, akamnong'oneza, nami nilikuwa kando. Mhandisi akatazama maji, akatazama saa, akasema, "Piga tu. Nusu saa haiui mtu."

Mpishi akatoka na koti lake jekundu. Akanitazama mara moja, akatazama chini, akapiga.

Kasichana kamoja kenye pengo, pengo kama la pacha wako, kakanipa ndala zake nimshikie. Hakakuniuliza mimi ni nani. Kaliniona mwanamke mzima aliyesimama karibu na maji, kakaniamini.

Nilishuka nikasimama katikati ya ngazi nikainua mikono. Sauti iliyonitoka ni ile ya mstarini, unayosema inaweza kusimamisha treni. Nilisema yeyote asiingie. Nilisema kuna nini ndani ya maji. Dada, wewe ulinifundisha kusema haja kubwa, lakini pale nilisema mavi, na kwa kuwa wa nyuma hawakusikia nilirudia. Nikaishika ile mimea nikaivuta pembeni, na bomba, kana kwamba limeitwa kutoa ushahidi, likacheua mbele yao wote.

Nilisikia akina mama wakivuta pumzi na kujuta kuivuta. Baba mmoja alimnyanyua mwanawe aliyekuwa ameshalowa magoti, akamwinua juu kwa mikono iliyonyooka, hajui amweke wapi. Mpishi akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.

Mhandisi alicheka. Aliwaambia wageni mchumba wake amechoka na mitihani, wamsamehe, ni mambo ya bibi harusi. Kisha akanishika kiwiko, akainama sikioni kwangu kama mtu anayetaka kunibusu, akasema, "Mfikirie Baba Pacha."

Hilo wazo nilikuwa nimelifikiria mwenyewe asubuhi nzima na nikaliita upendo. Niliposikia likitoka kinywani mwake nikalijua jina lake halisi.

Nikamrudishia kasichana ndala zake, nikapanda juu ya kiti cha bibi harusi, kile nilichokielekeza majini, nikaingiza mkono ndani ya kengele nikauchomoa ulimi wake, kile chuma kinachogonga. Ulikuwa umefungwa kwa waya tu. Madamu alipiga mayowe kwamba nabomoa urithi wa mji. Nilitoka nao hadi kituo cha basi, na kanga yangu mbichi mkononi, wala hakuna aliyenifuata.

Kabla ya kukaa kuandika nilikwenda kwa Baba Pacha kule kwenye jengo wanakojenga, maana sikutaka alisikie kwa mwingine. Nilimweleza yote, na maneno niliyoambiwa sikioni. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, akavua kofia yake. Nilikuwa tayari anitukane. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Watoto walitoka majini?" Nikamwambia walitoka. Akavaa kofia akarudi kazini kumalizia siku, na akaniomba habari hii uipate kwangu, kwa kuwa yeye hajui aanzie wapi. Atakapokuja mwisho wa mwezi huenda akawa na kazi, huenda akawa hana. Mpokee vizuri, Dada. Hasira zako ziweke zote kwangu, nina mahali pa kuzitunza.

Wasalimie jirani zako wanaoniulizia, na mashangazi uwaambie vyovyote utakavyoona inafaa, hata ukweli. Pacha uwaambie mama mdogo wao anakuja likizo, na tukienda kuogelea nitatangulia kuingia mimi.

Fundi nimemwambia asikate kile kitambaa cheupe. Mhandisi nimemwandikia mistari miwili. Kwa afisa wa afya nimekwenda leo asubuhi, nimeeleza, nimetia saini, na amesema kesho twende kule nimwonyeshe bomba kwa kidole. Tiketi ya basi ya kurudi kule nimeshakata. Ulimi wa kengele uko hapa mezani, umekandamiza karatasi zisipeperuke.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kunawa mikono.