Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Tunis, 9 Juni

Baba mpendwa,
Assalamu alaikum. Goti bado linakusumbua? Mama hajambo? Leo ni miezi mitatu tangu nianguke kwenye mtende nikapasuka kichwa. Hapa hospitali naendesha baiskeli isiyokwenda popote, dakika nane tu, kisha Bi Faouzia, mwalimu wangu wa mazoezi, ananishusha. Hutaamini, Baba: nashinda nimelala, na bado nakonda kama mtu anayelima. Anasema ubongo uliojeruhiwa unakula nguvu zote kabla mwili haujaonja. Hata barua hii imenichukua siku mbili.
Mwanao, Lazhar

Degache, 20 Juni

Mwanangu,
Waalaikum salaam. Goti ni lile lile. Mama yako anakuombea. Lakini dakika nane! Jirani Hédi kaniuliza sokoni, “Mwanao bado kalala?” Nikarudi nyumbani bila kununua kitu. Mavuno ni Oktoba. Nguvu hazirudi kwa kulala. Kazana.
Baba yako

Tunis, 2 Julai

Baba,
Salamu, na Mama mbusu. Nimekusikia. Bi Faouzia akienda kula, napanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Jana nilitapika, macho yakaingia ukungu. Nadhani ndiyo nguvu zinarudi. Mwambie Hédi ajikinge, Oktoba nitamdondoshea kichala cha tende kichwani.
Mwanao, Lazhar

Degache, 11 Julai

Simba wangu,
Sisi wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mbele ya watu. Hédi kanywea! Ongeza ghorofa ya nne.
Baba yako

Degache, 30 Julai

Lazhar,
U mzima? Mbona kimya? Mama yako hali chakula. Andika japo mstari mmoja.
Baba yako

Degache, 19 Agosti

Mwanangu,
Sijui nikujulie hali vipi. Bi Faouzia amepiga simu. Kumbe ulikutwa chini ya ngazi, mkono wa kulia umelala, maneno yamekupotea. Akaniuliza, “Mzee, nani alimtuma apande?” Nilinyamaza, na Mama yako kasimama pale pale. Mpaka leo sijamwambia. Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyokuogopea wewe. Nisamehe.
Baba yako

Tunis, 27 Septemba

Baba,
Salamu. Naandika kwa kushoto. Nilijua ngazi zinaniumiza. Nilitaka unisifu.
Kitandani mpaka dirishani ni hatua kumi na moja. Leo nimefika saba.
Mwambie Mama kweli. Kisha njooni. Nikikaa chini njiani, usiseme kitu.
Mwanao